Inchi Kumi na Nane Penye Futi

Simu ililia mara ya nne asubuhi hiyo, na Lynnet Odera, mikono imejaa gundi mpaka viwikoni, alijua ni nani kabla hajaiangalia. Akaiacha ilie. Ikanyamaza, ikaanza tena. Yawa! Mtu gani huyu asiyejua kwamba gundi haingoji mtu? Akaibonyeza kwa kidole cha mwisho, ndicho pekee kilichokuwa kisafi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa, fundi, ile pua. Nimezungumza na kaka yangu. Tufanye kumi na tisa."

"Jana ulisema kumi na saba na nusu."

"Jana hatukuzungumza vizuri, mtandao ulikuwa unakatika."

"Na juzi ulisema kumi na nane."

"Juzi nilikuwa nakisia," alisema Bi Kultum, bila hata chembe ya aibu, na akakata simu.

Lynnet alisimama katikati ya banda akiitazama sakafu. Hapo sakafuni, kwa chaki, alikuwa amechora umbo la ubao wenye urefu wa futi tisa na nusu, na mbele ya umbo hilo simenti ilikuwa imeng'aa kwa kufutwa. Alikuwa ameifuta pua hiyo mara saba. Saba! Boti nzima ya kubeba watu kumi na wawili alikuwa anaichora mara moja tu, na inaelea.

Tuseme ukweli, haikuwa kazi ya kawaida. Bi Kultum alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kule Suna, Migori mjini, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Malindi, aliyeletwa bara na ndoa na kubakishwa bara na ujane. Utotoni mwake, yeye na kaka yake Mubarak walikuwa wakiteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa vipande vya mbao, kisha kwa ubao halisi ambao mgeni mmoja aliwaachia. Ubao mrefu, wa kusimama. Ukishajua kusimama, raha yake ni kutembea juu yake, hatua kwa hatua, wimbi likikusukuma, mpaka ufike puani kabisa na vidole vya miguu vining'inie juu ya maji. Mubarak alifika puani. Kultum hakufika hata siku moja, kwa sababu Mubarak alikuwa akikaa mbele kila mara na kumwambia mtoto wa kike nafasi yake ni mkiani.

"Miaka arubaini na tano naambiwa nafasi yangu ni mkiani," alimwambia Lynnet siku ya kwanza alipofika Karungu, buibui lake likipigwa na upepo wa ziwa, futi kamba ya dukani ikiwa bado shingoni. "Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia. Wanangu wananiambia. Hata wajukuu wameanza. Nataka nifike puani mara moja kabla magoti hayajanikataa."

Lynnet alipaswa kukataa palepale. Alijua hivyo. Lakini tangu baba yake afe, miaka miwili iliyopita, hakuna mtu aliyekuwa amemwagiza chombo kipya, na sababu yake ilikuwa imeegeshwa pale pale ufuoni kila mtu aione. Ilikuwa boti ya mvuvi Chrispine. Lynnet aliijenga peke yake mwezi uleule wa matanga, macho yamevimba kwa kulia, na ilipotiwa majini ikalemea kushoto. Ikalemea kushoto siku hiyo na inalemea mpaka leo, kama mtu anayesikiliza siri. Chrispine hakukubali itengenezwe upya. Aliona heri abaki na jambo la kulalamikia. Alipopita mbele ya banda aliinamisha kichwa upande, akamwita binti Odera kwa Kijaluo na kusema, "Nyar Odera, mimi nakuona vizuri nikiwa hivi," na wenzake wakafa kwa kicheko. Kazi iliyobaki ikawa viraka. Mtu akipasukiwa na boti, anamletea Lynnet azibe. Akitaka boti mpya, anavuka kwenda Mbita kwa mafundi wengine.

Kaka yake Maxwell hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na biashara ya samaki na alihitaji mahali pa kuweka friji zake kubwa. Banda la baba lilikuwa mahali pazuri. Alimngoja Lynnet miaka miwili, na mwaka huu uvumilivu ukamwisha.

"Dada, sikufukuzi," alimwambia. "Toa chombo moja, moja tu, yenye mwenyewe hatarudisha. Ukitoa, banda ni yako na sitawahi kuongea tena. Usipotoa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi naleta friji."

Kwa hivyo Lynnet hakukataa. Alijiambia ubao ni boti ndogo isiyo na tumbo, basi. Mbavu nyembamba za mti wa saipresi ndani, plaiwudi juu na chini, gundi, vanishi, pezi moja chini ya mkia. Kujenga angejenga. Kilichomtoa roho ni hiyo pua.

Kwanza, ilikwenda kinyume na kila kitu alichofundishwa. Pua ya boti ni ya kupasua maji, na ikiwa pana wimbi linaipiga makofi. Huyu mama alitaka pua isiyopasua chochote, pua ya kukalia maji kama sahani. "Ukiniwekea nyembamba," Bi Kultum alieleza, "nikifika pale itazama na mimi nitakwenda kichwa mbele. Ukiniwekea pana mno, itanibeba, lakini haitapinda kona. Itakwenda tu, kama mlevi. Kwa hivyo inatakiwa iwe katikati."

"Katikati ni ngapi, Mama?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Kazi! Kazi ilikuwa ya nani? Yeye alikuwa dukani Suna akikunja vitenge na kumpigia Mubarak, na Mubarak kule Malindi hakukosa neno: mawimbi ya ziwa ni mafupi, ongeza, wewe si mzito, punguza, wewe umenenepa, ongeza. Kila walipomaliza kugombana, simu ya Lynnet ililia. Ililia akiwa kanisani. Ililia akigeuza ugali. Ilifika mahali akisikia tu mlio wa simu ya jirani, mkono wake unakwenda wenyewe kutafuta kitambaa cha kufutia chaki.

Na lilikuwepo jambo lingine, dogo, lililomkaa rohoni kama mwiba wa samaki ngege. Siku ile ya kwanza Bi Kultum alimkuta akipima mbao kwa shibiri, kidole gumba mpaka cha mwisho, kama baba yake alivyopima miaka yote. Mama yule akatazama, akaguna, akagusa futi kamba yake shingoni. Lile guno lilitosha. Watu wa vitambaa wanadhani wao ndio waliozaliwa na inchi. Kumbe Lynnet alikuwa na futi, tena futi ya baba yake, ya chuma, yenye kifuniko cha manjano kilichochubuka. Humo bandani haikuwahi kuitwa jina lingine. "Lete futi" ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiswahili aliyoijua, kabla hajaenda shule.

Basi simu ya mwisho ikaja Jumatatu, siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi ya Maxwell.

"Fundi, nimerudi pale pale. Kumi na nane. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Lynnet hakuelewa tezi wala omo. Alielewa kumi na nane. "Hii ni ya mwisho, Mama? Kwa sababu kesho nakata."

"Ya mwisho, wallahi. Inchi kumi na nane. Lakini sikiliza, upime penye futi. Usipime kokote tu."

Damu ilimpanda Lynnet mpaka masikioni. Upime penye futi! Kwa hivyo mama huyu alidhani atapima wapi, penye kidole? Atakisia kama muuza njugu? Miaka ishirini na mbili ameshika mbao, leo anafundishwa na muuza leso kutumia futi!

"Nitapima penye futi," alijibu kwa sauti iliyokauka. "Usijali."

"Ndiyo maana nakupenda, mwanangu."

Wahenga walishasema hasira ni hasara, na wakasema tena kwamba kuuliza si ujinga. Lynnet hakuuliza. Alitoa futi ya baba yake mfukoni, akaibamiza juu ya mbao, na akapima pua hiyo kwa umakini ambao hakuwahi kuupa chombo chochote. Na pua ya chombo, kama alivyofundishwa na baba yake, ni vidole vinne vya mwanzo kutoka ncha. Baada ya hapo ni shingo. Akaweka vidole vinne, akapiga mstari, akanyoosha futi: inchi kumi na nane. Akapima tena: kumi na nane. Akapima mara ya tatu kwa hasira tu. Kisha akakata, akapinda, akagundisha, akapiga msasa, akapaka vanishi mara tano, na kila mkono wa vanishi ulivyokauka alizidi kuona kwamba ubao ule unafanana na kitu fulani, ila hakutaka kukitaja. Ni Chrispine aliyekitaja, alipochungulia mlangoni.

"Nyar Odera, umeanza kutengeneza mwiko ya kusonga ugali ya shule?"

Jumamosi ilifika na upepo wake. Pale Karungu, jua likishapita utosini, ziwa huanza kusukuma mawimbi mafupi yaliyofuatana, na hayo ndiyo Bi Kultum aliyataka. Alishuka kwenye pikapu ya mkwe wake akiwa amevaa dera lililofungwa kiunoni, suruali ndefu ndani, mtandio umebanwa kwa pini tano. Wanawake waliokuwa wakianika omena waliacha kazi. Wavuvi waliacha nyavu. Maxwell naye alikuwepo, amekaa juu ya jiwe mbele ya banda, na kikaratasi cha vipimo vya friji mkononi.

Bi Kultum alitazama ubao. Akauzunguka. Kisha akavua futi kamba shingoni, akapiga magoti mchangani, na mbele ya ulimwengu mzima akapima kutoka ncha kwenda nyuma futi moja kamili, akaweka kidole, na kutoka hapo ndipo akapima upana.

"Ishirini na mbili," alisema polepole. "Fundi. Ishirini na mbili!"

"Hapana! Ni kumi na nane!" Lynnet alichomoa futi yake ya chuma, akaweka vidole vinne. "Hii hapa. Kumi na nane, nyoofu!"

"Hapo ni nchani! Nani anapima pua nchani? Nilikwambia upime penye futi!"

"Na nimepima na futi! Hii ni nini, si futi? Ama futi ya bara si futi?"

"Penye futi, mwanangu! Futi! Inchi kumi na mbili kutoka ncha!"

"Futi ni hii!" Lynnet alipiga kelele, akikipunga chuma hewani. "Hii ndio futi! Imekuwa futi tangu nizaliwe!"

Ufuo mzima ukapasuka kwa kicheko. Chrispine alilazimika kushika boti yake iliyolemea ili asianguke. Mtu mmoja alisema futi ya mwanamke wa Malindi na futi ya nyar Odera zikutanishwe kwa chifu. Lynnet aliona aibu, aliona hasira, na chini ya hasira aliona woga mtupu, kwa sababu Maxwell alikuwa ameinuka juu ya jiwe.

"Mama," Maxwell aliuliza kwa adabu, "kwa hivyo hii huchukui?"

"Nichukue hii? Niipakulie wali?"

Lynnet alishindwa kujizuia. "Mama, wewe umenipigia simu mara kumi na nne! Kumi na saba na nusu, kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane na nusu! Nimefuta chaki mpaka mkono imeota sugu. Sijawahi kujenga kitu na moyo kama hii. Na hujaiweka hata kwa maji. Kama ni mbaya, wacha maji iseme. Usiseme wewe na hiyo kamba yako."

Bi Kultum alimtazama. Akatazama ziwa. Midomo yake ilicheza kama mtu anayehesabu magoti yake yamebakisha siku ngapi.

"Nani ana boti ya kunivuta?" aliuliza.

Chrispine, ambaye asingekosa kioja hicho hata kwa dawa, ndiye aliyemvuta. Boti yake ikaenda imelemea kushoto, na nyuma yake, kwenye kamba, mama wa Suna amelala kifudifudi juu ya mwiko. Nje kidogo, mahali mawimbi yalikoanza kuinuka, akaachiwa.

Mara ya kwanza alisimama nusu, akaanguka kama gunia. Alipoibuka alikuwa akitukana, na haikujulikana anamtukana Lynnet au Mubarak.

Mara ya pili wimbi lilimkuta tayari. Alipiga maji kwa mikono, akasukumwa, akaweka goti, akaweka unyayo, akainuka. Miguu ilitetemeka lakini ilikaa. Akaanza kuiburuta mbele, si kwa madaha ya vijana, bali kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake akitafuta mlango. Hatua moja. Nyingine. Lynnet alikuwa ameingia majini mpaka magotini bila kujua. Alizijua mbavu zilizokuwa chini ya nyayo zile, na alizisikia zote mwilini mwake.

Ubao mwingine ungeinamisha kichwa hapo. Huu haukuinama. Ile pua ya aibu, pana kama sinia, ilikaa juu ya maji na kukataa kuzama, na Bi Kultum akafika. Miguu yote miwili ilikaa sambamba kwenye ncha, nafasi ikabaki, na vidole kumi vikaning'inia juu ya ziwa. Akainua mikono yote miwili. Hakuna aliyecheka.

Tatizo ni kwamba alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye nyavu za Chrispine zilizoanikwa.

"Pinda!" watu wakapiga kelele. "Mama, pinda!"

Hapindi mtu. Aliegemea kulia, ubao ukaja. Akaegemea kushoto, ubao ukaja. Ukaja mpaka maji yakaisha, na pua ile, badala ya kuchoma mchanga kama boti, ikaupanda, ikateleza juu yake, ikasimama katikati ya nyavu. Bi Kultum, akiwa bado amesimama pale mbele kabisa, akateremka mchangani kama anayeshuka kibarazani kwake.

Alisimama akihema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na wala hakuyafuta. Kisha akamtafuta Lynnet kwa macho.

"Haipindi," alisema.

"Nimeona."

"Nilikwambia. Ikiwa pana mno haitapinda. Inchi nne nzima zimezidi!"

Maxwell alikuwa ameshafika, kikaratasi mkononi. "Kwa hivyo unairudisha, Mama."

Bi Kultum alimgeukia, akamtazama kuanzia viatu mpaka utosi.

"Niirudishe? Hii iliyonifikisha puani? Wewe ni jamaa yake Mubarak?" Akaukalia ubao pale pale mchangani, dera likichuruzika maji. "Hii haitoki mikononi mwangu mpaka nife. Na fundi atanitengenezea ya pili, ya kumi na nane, inayopinda, nimpelekee kaka yangu aone. Fundi! Kumi na nane! Penye futi!"

"Futi gani?" Lynnet aliuliza.

"Pale pa... Pale inchi kumi na mbili, Mola wangu! Huyu mtoto ataniua!"

"Andika," Lynnet alisema. "Kwa karatasi. Mimi na wewe hatutaongea kwa simu tena."

Wavuvi waliubeba ubao hadi kwenye pikapu, Chrispine akiwa ameikamata ile pua kubwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuinamisha kichwa upande. Alichosema tu ni kwamba nyavu zake zimechanika, na kwamba mtu anayeweza kupinda plaiwudi namna hiyo hakuwa na sababu ya kumfanyia yeye vile. Lynnet alikuwa amechoka na watu wote.

Aliporudi bandani alichukua kitambaa, akapiga magoti, na kufuta ile pua ya chaki kwa mara nyingine. Akaweka alama ya inchi kumi na mbili kutoka ncha. Alikuwa ananyoosha futi ya baba yake juu ya simenti Maxwell alipoingia, akasimama mlangoni na kikaratasi chake, akakohoa.

"Dada, niazime futi. Nataka tu nipime hii mlango, nijue. Sio kwamba naleta friji. Ni kujua tu."

Lynnet hakuinua kichwa.

"Futi iko kazini," alisema, akapiga mstari.